Saa Tisa Usiku, Kimara

Bomba linakohoa kwanza.
Upepo mkavu, kutu kidogo, kimya,
kisha kikohozi kingine, cha kifuani.
Siku ya kumi na moja ya mgao.
Mwasiti Kobelo ameshatoka na kanga ya kulalia,
kiganja juu ya chuma kama anayepima homa ya mtoto.
"Yanakuja," anasema. "Yamefika kona ya Mbezi."
Mimi sisikii kitu.

Nilikwenda kwao Uluguru mara moja,
kwenye matanga ya kaka yake.
Alfajiri akanipandisha njia ya migomba,
utelezi mtupu, mikono chini kama nyani.
Tulilijua poromoko kabla ya kuliona,
wala si kwa masikio: kwa meno,
kwa kifungo cha shati kilichotetemeka kifuani.
Halafu msitu ukafunguka.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Mtu wa mjini hakosi maneno.
Mto mzima ulikuwa unajitupa
na bado umesimama,
mweupe, mrefu kuliko ghorofa lolote la Posta,
umesimama kwa kuanguka.
Ukilishika kwa jicho bonge moja la maji, ukalifuata,
linachelewa angani, linachambuka kama pamba,
linasahau kwamba lina uzito,
mpaka jiwe lilikumbushe.
Nikavua viatu. Sijui kwa nini.
Mwasiti akanipigia ukelele sikioni:
"Usilinyoshee kidole!"
Nikakiuma kidole,
kama mtoto aliyeonyesha kaburi.

Sasa tuko uani, ndoo ishirini na mbili kwenye foleni,
na maji ni yale yale,
yametiwa dawa, yamepitishwa gizani,
yamehesabiwa na mita,
yametokeza kwa aibu, membamba
kama uzi wa kushonea gunia.
Ndoo moja mia tatu. Dumu la Chambuso, deni.
Yanaanguka shubiri moja tu,
kutoka kwenye koki hadi kwenye plastiki.
Lakini yanaanguka.

Mwasiti, anayegombana na watu kwa tone,
aliyemnyima hata mwenye nyumba kopo la kunawia,
ameinama, sikio karibu na ndoo.
Imejaa. Inamwagika miguuni mwake,
inatafuta njia kwenda mtaroni.
Nanyoosha mkono nifunge koki.
"Ngoja," anasema.
"Ngoja kidogo."