Barabara ya Saba

Njia ya mwongo ni fupi, tulifundishwa nyumbani.
Basi njooni Kitchener muone:
huku ahadi ya barabara imenizidi umri,
na bado haijafika Guelph.

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri
Harjinder hupiga honi mara moja tu, kwa adabu,
nami nashuka ngazi na bakuli langu la ugali na sombe.
Tuko wanne garini: yeye, mimi,
Bisimwa anayekoroma kabla mlango haujafungwa,
na Tigist, amenyaye chungwa gizani
na kuyaanika maganda penye hewa ya moto
mpaka baridi yenyewe inukie.

Barabara ya zamani ina njia mbili,
ya kwenda na ya kurudi,
na kati yake mstari wa njano
ambao kila Februari chumvi huufuta.
Taa ya kwanza, kituo cha mafuta.
Taa ya pili, wauza matrekta.
Kisha mto, na ukungu wake usio na haraka ya kazi.
Taa ya tatu, Breslau.
Hapo husimama kila mtu.
Hapo ndipo nilipojifunzia Kiingereza,
nikisoma migongo ya malori.

Mwaka fulani walituita chini ya kanisa,
kahawa na biskuti za tangawizi.
Mhandisi kijana akatandaza ramani
ndefu kama mkeka wa matanga.
Wino mwekundu ulitoka Kitchener, ukaruka mto,
ukaipita Breslau bila kubisha hodi,
ukakata shamba la Lovina Bauman
kati ya ghala na mahindi,
ukatokea Guelph bila hata tope miguuni.
"Njia nne," akasema. "Mtaokoa dakika kumi na tisa."

Nikanyoosha mkono: zitawekwa wapi?
Watu wakacheka. Sikuwa natania.
Kumi na tisa kwenda, kumi na tisa kurudi, siku tano,
nilizidisha nyuma ya bahasha ya bili ya umeme:
masaa matatu na dakika kumi kwa wiki.
Hizo zinatosha kumsuka Nsimire kichwa kizima
kabla hajafika umri wa kusukwa na wengine.

Lovina naye akainuka, kofia nyeupe, mikono ya udongo.
Aliuliza jambo moja:
bomba langu la maji, mtalipitisha juu au chini?
Mhandisi akapekua karatasi. Akapekua tena.

Nilitia sahihi kuunga mkono barabara.
Jumamosi ile ile nikanunua bitiruti kibandani kwa Lovina,
nikadondosha dola nne katika kopo lisilo na mlinzi.
Sikumwambia. Hakuniuliza.
Nilihesabu bitiruti: aliniongezea moja.

Baadaye walijenga daraja. Moja.
Limesimama juu ya nyasi, halina lijalo wala liendalo,
kama mtu aliyepiga suti
akakuta harusi imeahirishwa.
Mbayuwayu wamehamia chini yake,
hawakungoja mtu wa kukata utepe.

Kisha vikaja vigingi, vimefungwa tepe za rangi ya chungwa.
Serikali ikabadilika, vigingi vikaoza.
Vikapigwa vingine, hatua kumi kaskazini.
Lovina akapanda mahindi kuvizunguka,
kama mtu alaye huku akimkwepa mgeni asiyealikwa
aliyeketi katikati ya sinia.

Leo theluji inaanguka kwa ubavu.
Taa ya tatu, nyekundu.
Harjinder anagonga usukani kwa kidole cha pete.
Nsimire ana miaka kumi na sita sasa,
anasukwa na rafiki yake, mtaa wa pili,
na anapendeza, siwezi kusema uongo.

Utepe umepeperuka kutoka shambani,
ukanasa kwenye waipa, ukapunga mara mbili.
Nimeteremsha kioo, nimeuchukua.
Mfuniko wa bakuli langu umelegea tangu Oktoba.
Nimeufungia huo.
Taa imewaka kijani, na hakuna aliyesogea.