Zimwi Halina Choo

Eliaichi husoma mita za maji, Tabata mpaka Segerea,
na jioni husoma muswada wangu
kwa jicho lilelile: namba ya mwezi huu, toa ya mwezi jana.

Zimwi langu linaishi chini ya daraja la Jangwani.
Linakula roho. Kufikia sura ya tatu limeshakula arobaini.

"Roho moja," anauliza, "inalishibisha siku ngapi?"
Sijui.
"Basi litaimaliza Magomeni kabla ya sikukuu.
Kisha lile nini? Mfugaji hachinji zizi zima."

Naandika pembeni kwa penseli: halimalizi. Linabakiza.

"Na aliyeliwa, mbona kesho yake yupo foleni ya benki?"
Namwambia Kiswahili chetu kinakula bila meno:
mtu hula kiapo, hula hasara, hula chumvi nyingi,
na sahani iko vilevile kabatini.
Roho nayo. Leo iko juu, kesho iko mkononi,
huyu anayo nyeupe, yule anayo ya paka;
ikimegwa kipande nani atagundua?
Labda mke. Labda mbwa wa jirani.

Anacheka, anakunja pembe ya ukurasa
(nimemkataza kukunja).
"Haya. Lakini kosa lako kubwa hili hapa.
Zimwi halina choo."

Nikadhani anatania.

"Zikiingia lita mia, lita mia zitoke mahali,
ama sivyo kuna bomba limepasuka.
Kinachokula kinakunya, Mwantumu.
Arobaini wameingia. Wametokea wapi?"

Usiku ule umeme ulikatika, feni ikasimama
bawa moja likininyooshea kidole.
Nikaiandika sura ya nne kwa tochi ya simu:

Saa nane za usiku zimwi hupanda kutoka majini,
huchutama bondeni Msimbazi, katikati ya matuta.
Kufikia Ijumaa mchicha umeota, mpana, mzito,
fungu mia tano, ukibembeleza mia tatu.
Watu wanaununua Buguruni, wanaununua Ilala,
wanaukata, kitunguu, nazi, chumvi kidogo,
na katikati ya tonge mtu anasita.
Anamkumbuka mtu asiyemjua.
Ni Mmakonde, hajawahi kupanda milima ya Same,
lakini mdomoni ana bembelezi la Kipare,
beti mbili kamili, na ya tatu anaivumisha tu.
Anamaliza kula. Anaosha sahani.
Anasema ni uchovu.

"Sasa hesabu imekaa," akasema Eliaichi,
akaweka tiki, kama kwenye kadi ya mita.

Jumapili akaja na mafungu mawili
kuthibitisha kwamba hadithi ni hadithi.
Aliyaosha mwenyewe. Mara tatu, nilihesabu.
Tukala uani, ugali umeanza kupoa,
jenereta ya saluni ikikohoa ng'ambo ya ukuta.

Akasita, mkono hewani,
tonge limebonyea alama ya dole gumba.

"Mwantumu.
Nani alikuwa anawaita kuku wake kwa majina?
Mmoja Karani. Anachechemea."

Nikamwongezea mboga.

Mama yangu hayumo kwenye kitabu.
Nimekipekua chote, tangu jalada, kwa kidole.
Hakuna ukurasa nilikomwandika.