Mche

Shambani, mche ni mpunga unaosubiri kupandikizwa.
Hapa Sa Dec, kwenye banda nyuma ya kinu,
ni zege linalosubiri kuvunjwa.

Siku ya ishirini na nane
Thuyen anautoa majini,
anaufuta kwa pindo la koti
kama mtoto aliyetoka kuoga.

Ndani mna majivu ya makapi
yaliyokuwa yakimwagwa mtoni,
na chupa za bia zilizosagwa zikawa unga:
chupa za baba, za chini ya kitanda.
Mama alizihesabu matanga yalipokwisha,
mia tatu na sita,
asijue azililie au aziuze.

Saruji imepungua thuluthi nzima.

Mashine inabana. Mshale unapanda,
ishirini, ishirini na tano.
Mama yuko mlangoni na kapu lake tupu.
“Alivunja kila alichoshika,” anasema.
“Na hiki je?”

Thelathini na moja.
Thelathini na nne.
Kisha mlio, kama wa kuni kavu.

Thuyen anaokota kipande:
kijivu, na punje moja ya kijani
iliyoponyoka chekeche.
“Umebeba kuliko tulivyouomba.”

Mama anakitia kapuni.
Haulizi bei.