Tatu Nukta Tatu

Afande, uliniuliza mbele ya foleni,
kalamu yako imesimama juu ya kitabu cha leseni:
"Mama, bunduki hii si ya makumbusho?
Risasi zake utazipata wapi? Si utafute ya kisasa?"
Sikujibu. Watu walikuwa wengi
na mtoto wa mtu alikuwa analia.
Najibu sasa, nikiwa Mpwayungu,
uwele umeshatoa masuke,
na risasi tano zimelala mezani
kama vidole vya mkono uliochoka.

Itazame kitakoni. Ina ukingo,
pete nene ya shaba iliyojitokeza nje.
Wajuzi wa mjini wanaucheka:
eti hugombana na mwenzake ndani ya magazini.
Ni kweli, hugombana,
ukipakia kama unayeshindilia gunia la mkaa.
Baba, Sogodi, alinionyesha nikiwa na miaka tisa:
wa juu amtangulie wa chini,
ukingo mbele ya ukingo,
kama ng'ombe wanavyoingia zizini.
Tangu siku hiyo haijakwama.
Vumbi letu la Agosti unalijua,
linaingia kwenye saa, linaingia kwenye ugali;
lakini ganda hili, pana chini, jembamba juu,
ukilivuta linatoka
kama mguu kwenye kiatu cha kuazima.

Haina haraka. Nakubali.
Mpwa wangu Chilendu, askari wa pori kule Rungwa,
hunisomea kasi za risasi mpya
kama mtangazaji anayesoma matokeo ya mpira.
Namuuliza: na nguruwe anayekula uwele wangu,
hatua sitini kutoka kitandani,
yeye ana kasi gani?
Yangu ni ndefu, nzito, kichwa butu.
Inavunja bega na kuendelea na safari yake,
na nyama inayobaki ni nyama,
si uji.

Halafu bega langu mwenyewe.
Nina kilo hamsini na mbili, afande, pamoja na khanga.
Hii hunisukuma
kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi la kanisa.
Ile ya Chilendu ilinipiga kama deni.

Kasoro zake niziseme, nisionekane nafanya biashara.
Zile za baba, za zamani kabisa,
baruti yake haikuwa unga, ilikuwa nyuzi, kama tambi,
na fataki yake iliacha chumvi
iliyotafuna mtutu kabla jogoo hajawika.
Hivyo usiku wa kufyatua ulikuwa usiku wa kuchemsha maji.
Mama akisikia mlio mmoja, anachochea moto:
birika la kwanza la bunduki, la pili la chai.
Akisikia miwili
anajua mumewe amekosa,
na chai hiyo itanyweka bila maneno.

(Ganda moja tupu bibi yangu Mbeleje alilifanya kopo la ugoro,
akachonga kizibo cha mkwaju.
Hilo usiliandike kitabuni.)

Bei? Tano hizi nimezipata mjini, kwa muuzaji mmoja tu,
kwa thamani ya mbuzi jike mwenye mimba.
Basi sifyatui ili kutisha,
wala sifyatui ili nijue kama nimeona sawasawa.
Kila moja naifikiria
kama mtu anayeposa.

Jana usiku alikuja, dume,
mgongo umesimama manyoya, anatafuna bila aibu.
Nikamweka kwenye ncha ya shabaha.
Nikatoa pumzi nusu.
Kidole kilishaanza safari
nilipoiona, nyuma yake, mbali bondeni,
taa ya sola ya kina Mnyawami,
na mtu akipita mbele ya taa.
Risasi hii ninayokusifia
ukiituma haijui kusimama kwa jirani.

Nikaiweka bunduki chini,
nikachukua debe na mwiko,
nikapiga mpaka mbwa wa kijiji kizima wakaniitikia.
Uwele umelala mistari mitatu.

Ukiuliza tena ninazo ngapi,
andika tano.