Kastabani ya Kumi na Mbili

Asubuhi nafungua kufuli, nawasha taa,
nazima king'ora kabla hakijanipigia kelele.
Nyumba ya matofali mekundu, madirisha marefu,
imebanwa na madarasa ya zege
kama jino la mwisho lililokataa kung'oka.

Kazi yangu ni kukaa kitini, kuvaa beji,
kusema "tafadhali usiguse" kwa Kiingereza changu cha Tanga.
Wanafunzi hupita mbio, wana mtihani wa hesabu;
wachache huingia, nao wamesukumwa na baridi ya Chikago.
Siwalaumu. Hata wale wa zamani
walianza kwa kufuata jiko.

Wagiriki, Wacheki, Wasisilia, Wameksiko,
wanawake waliotoka viwandani wakikohoa pamba.
Hapa walipata beseni la kuogea, maziwa ya watoto,
somo la usiku, na chumba cha kumjadili mwajiri
kwa sauti ya chini kwanza, kisha ya juu.
Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe.
Hapa alipewa sindano, akapewa na kalamu,
akafundishwa kuandika jina lake
kabla karani hajaliandika vibaya.

Mezani, nyuma ya kamba, zimepangwa kastabani.
Orodha inasema kumi na moja.
Nazihesabu kila jioni.

Februari, Jumanne, theluji imekuwa tope,
akaingia Bi. Filomena Tarsitano na mkongojo wake.
Picha hakuzitazama. Alikwenda dirishani,
akanyoosha kidole kwenye maegesho ya magari:
"Pale ndipo tulipolala watoto sita, kitanda kimoja.
Walibomoa mtaa mzima wajenge chuo,
wakaiacha hii, ili watukumbuke."
Akacheka kicheko kikavu kama kuni.

Kisha akainua kamba.

Sentensi yangu ilikuwa tayari mdomoni.
Akatoa mkobani kitambaa, na ndani ya kitambaa
kastabani iliyobonyea upande mmoja.
"Mama aliiazima kwa wiki moja," akasema.
"Harusi ikaingia, mgomo ukaingia, vita vikaingia."
Akaiweka pamoja na wenzake,
akaisogeza kidogo, ikae sawa kwenye mstari.

Nami mlinzi nikaona vumbi kwenye fremu ya mlango,
nikageuka kulifuta.
Nililifuta taratibu sana.

Kesho yake msimamizi, Dokta Ostrander,
akahesabu mara mbili, akavua miwani.
"Kumi na mbili?"
Nikamwambia orodha huandikwa na watu.
Akachukua penseli, akakaa nayo hewani,
mwishowe akaniuliza kama kahawa imebaki.

Siku hizi, wageni wakishaondoka,
naanza kuhesabu na ile iliyobonyea.
Kidole changu cha kati kinaingia barabara.