Mpekuzi Alipofika Uru

Afisa kaja na faili, viatu vizito kwa tope.
Elirehema Temu mnamjua?
Ni mtoto wa dada yangu, nikasema.
Cheti kipo. Vidole havina kesi.
Balozi keshatia saini.

Sikusema alivyomfunga mbwa wa Mama Ndeshi mgombani,
akampiga mpaka kamba ikalegea yenyewe,
akanawa mikono,
akaja kwetu kuomba chumvi.

Fomu haina mahali pa mbwa.

Afisa akafunika kalamu, akashukuru kwa ndizi,
akashika njia ya Moshi mjini, kwenye Chuo cha Polisi.
Nikamkimbilia, khanga mkononi, hadi kwenye mfereji.

Baba, rudi kidogo.
Umeuliza kama amewahi kufungwa.
Hujauliza akoje
mbele ya aliyefungwa.