Sampuli ya Arobaini na Moja

Aliileta Jumanne, ndani ya kopo la maziwa,
unga wa rangi ya ugoro,
na daftarini akaandika mwenyewe kwa kalamu yangu:
Aikande Mmari, Soko la Mbuyuni.
Jina la mmea?
"Hilo mtaniambia nyie wenye darubini."

Nikaandika 41.
Nikapima gramu hamsini, nikaloweka kwenye spiriti
siku tatu, nikitikisa asubuhi na jioni
kama mtu anayembembeleza mtoto asiye wake.
Nikachuja. Nikakausha.
Chini ya chupa kikabaki kitu cheusi, kinanata,
kidogo kuliko chozi la ubani.

Kazi yetu ndiyo hiyo:
unawatandaza bakteria kwenye sahani,
unaweka tone la dawa ya mtu katikati,
sahani inalala kwenye joto la mwili wa binadamu,
na asubuhi unatafuta duara,
mahali walipofika wakaogopa.
Hatumuulizi mgonjwa. Tunaiuliza rula.

Usiku ule umeme ulikatika, Pasua hadi Majengo.
Nikawasha jenereta, nikasinzia kitini
nikimkumbuka mama akiniziba pua
ninywe maji machungu ya msesewe.
Nilipona.
Au homa ilichoka yenyewe.
Hakuna aliyeweka sahani ya pili.

Asubuhi: dawa ya kiwandani, milimita ishirini na sita.
Arobaini na moja, sifuri.
Nikarudia. Sifuri.
Nikarudia kwa maji ya moto, kama wanavyochemsha nyumbani.
Bakteria waliota hadi ukingoni mwa tone,
wamenona.

Dakta Lyaruu akasema, andika "inahitaji utafiti zaidi",
maneno hayo hayamvunji mtu moyo.
Nikaenda Mbuyuni na karatasi isiyo na maneno hayo.

Alikuwa anafunga mafungu ya mizizi kwa kamba za mgomba.
"Haiui kitu, mama. Samahani."
Sauti yangu ilikuwa ndogo, ya mdaiwa.

Aliitazama ile sifuri kwa muda.
Kisha akacheka mpaka muuza dagaa akageuka.
"Huo ni mgrevilea wa uzio wangu!
Niliutwanga Jumatatu usiku.
Mwaka juzi walikuja wengine, makoti kama lako.
Niliwapa majani ya mparachichi,
wakaniletea cheti chenye muhuri: yanatibu."

Akainama chini ya meza,
akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti:
gome, bichi bado, upande mmoja lina kuvu la kijani.
Jina lake akalinong'ona kwa Kivunjo,
nikalirudia mara mbili nisilikosee.

"Hili ndilo ninalowapa watu.
Miaka thelathini. Wengine hurudi kunishukuru,
wengine hawarudi, na mimi sijui kwa nini.
Likiwa sifuri, njoo uniambie
kwa sauti ileile ndogo."

Nimeandika 42.
Spiriti imeanza kugeuka rangi.